Shangazi, nijitangazeje wakati laki nane za mtaalamu sina?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Uyole hapa Mbeya. Natengeneza siagi ya karanga. Nilianza mwaka 2019 kwa mashine ya kusaga ya kuzungusha kwa mkono, nikawa nawauzia walimu wa shule anayosoma mwanangu. Leo nina mashine ya umeme, kijana mmoja wa kukaanga na akina mama wanne wa kuchambua karanga, na kwa wiki tunatoa makopo kama 200. Kopo la gramu 400 ni shilingi 5,500. Karanga nazifuata Momba na Mbozi kwa wakulima ninaowafahamu. Mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, nimepita, jina la biashara nimesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na alama ya TBS, shirika la viwango, ninayo tangu mwaka jana.

Shida yangu ni kwamba sijulikani. Madukani Mwanjelwa na Kabwe kopo langu linakaa jirani na siagi zinazotoka nje ya nchi, na mteja anachukua ile aliyowahi kuiona kwenye televisheni. Kijana mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu akasema yeye ni mtaalamu wa uhusiano wa umma, atanijenga kwa laki nane kwa mwezi, na mkataba haupungui miezi mitatu. Dada mwingine mwenye wafuasi wengi mtandaoni anataka laki tatu aniposti mara moja tu. Shangazi, mwezi ukiwa mzuri sana faida yangu haifiki milioni.

Nimejaribu mwenyewe nikaumia. Agosti iliyopita kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, mwandishi mmoja wa redio alinirekodi karibu nusu saa. Niliwaambia ndugu zangu wote hadi wa Tukuyu wakae karibu na redio. Haikutoka. Nilipompigia akaniuliza kama niliandaa bahasha. Nilikata simu nikalia.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wiki tatu zilizopita mteja wa Kyela alituma picha ya kopo langu kwenye grupu la WhatsApp la wanawake wajasiriamali, tuko zaidi ya 400 humo. Mafuta yameelea juu unene wa kidole. Akaandika kwamba nawachanganyia mafuta ya kupikia. Nikamjibu kuwa ana wivu na ametumwa na washindani wangu, kisha nikatoka kwenye grupu. Siku nne baadaye mwenye duka wa Kyela akanirudishia makopo 36 kwa coaster, bila hata kunipigia.

Rafiki yangu ananishauri niandike kwenye lebo "haina sumukuvu" na "inaongeza damu", halafu nitumie picha za wanafunzi wakila mkate wenye siagi yangu, eti watu watanunua. Nifanyeje? Nikope nimlipe yule kijana wa Dar, au kuna njia ya kufanya mwenyewe?

Ni mimi, Mama Karanga, Uyole.

*

Marahaba mwanangu.

Usikope. Kazi hii utaifanya mwenyewe, na sehemu kubwa yake haihitaji fedha. Inahitaji daftari, simu uliyonayo na moyo wa kurudi mahali ulipotoka kwa hasira. Kwa hiyo naanza na Kyela, kwa sababu kujitangaza huku jambo la Kyela liko wazi ni kuwaita watu waje kusikia lawama.

Tuelewe kwanza kilichotokea ndani ya lile kopo. Siagi ya karanga isiyotiwa kitu kingine ni chembe za karanga zinazoelea ndani ya mafuta ya karanga hizohizo. Ikikaa, chembe hushuka na mafuta hupanda. Joto linaharakisha jambo hilo, maana mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi. Wewe uko Uyole, kwenye baridi. Ukiangalia kopo lako asubuhi ya Juni limeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Kopo hilohilo likipita Tukuyu likateremka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, linakutana na hali ya hewa nyingine kabisa, na likikaa dukani wiki mbili mafuta lazima yapande. Viwanda vikubwa huzuia hali hiyo kwa kuongeza mafuta ya mimea yaliyogandishwa kitaalamu. Wewe huongezi, ndiyo maana yako inajitenga. Yule dada wa Kyela aliona kitu cha kweli akakosea sababu yake. Na sababu hakuambiwa na mtu, kwa kuwa kopo lako halikumwambia akoroge.

Hapa nakuomba ukweli wako wote. Nawafahamu wasagaji wanaotia kijiko cha mafuta ya alizeti ili mashine isikwame. Kama na wewe hufanya hivyo hata mara moja moja, sema hivyo, na kiandikwe kwenye orodha ya viambato. Mteja anasamehe kijiko cha alizeti kilichotajwa. Akikigundua mwenyewe, hata ukimwapia kwamba karanga ni safi hatakusikiliza.

Kama hutii chochote, mpigie kiongozi wa grupu, umwombe akurudishe, halafu uandike kitu kama hiki kwa maneno yako:

"Habari za leo akina mama. Mimi ndiye mtengenezaji wa siagi ya karanga iliyozungumzwa humu. Namwomba radhi dada yetu wa Kyela. Alileta jambo la haki nami nikamjibu vibaya. Mafuta yale ni ya karanga zenyewe, sichanganyi mafuta mengine. Kwenye joto mafuta hayo hupanda juu, na ukikoroga kwa kijiko kikavu siagi inarudi kama kawaida. Kosa langu ni kwamba sikuliandika hilo kwenye kopo, na kuanzia sasa litakuwepo. Dada, nitakubadilishia kopo au nikurudishie fedha yako, uchague wewe. Na yeyote anayetaka kuona ninavyotengeneza, Jumamosi hii saa nne asubuhi mlango wangu hapa Uyole uko wazi."

Ukishaituma, usiitetee. Atatokea mmoja wa kukuchokoza. Mshukuru kwa maswali yake, umkumbushe Jumamosi, basi. Mwenye duka wa Kyela usimwandikie, mpigie kwa sauti. Wazo lako kwamba ametumwa na washindani lifute kabisa. Amekurudishia mzigo kwa sababu wateja walimuuliza akakosa jibu, na jibu hilo ni kazi yako kumpa.

Nimeng'ang'ania ukweli na mlango wazi kwa sababu kazi hii ya uhusiano wa umma yenyewe ilipata sura yake kwa njia hiyo. Mwaka 1906 huko Marekani, Oktoba, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad iliacha njia kwenye daraja la Atlantic City ikatumbukia majini, na zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha. Mshauri wao, Ivy Lee, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, akawashawishi wafanye kinyume: wawapeleke waandishi eneo la ajali na wawape maelezo ya maandishi kuhusu kilichotokea kabla uvumi haujaenea. Yale maelezo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa taarifa za kwanza kwa vyombo vya habari duniani. Wewe huna treni majini. Una mafuta kwenye kopo, na njia ya kutoka ni ileile: watu wasikie kwako, wasikie mapema, na waruhusiwe kuja kuangalia.

Sasa tuje kwenye redio, na kilio chako cha Nane Nane.

Nikuambie jinsi mhariri anavyofikiri. Asubuhi anapokea simu na barua za watu wengi, na wengi wanamwambia kitu kimoja: bidhaa yangu ni nzuri. Hiyo ni sentensi ya tangazo, na tangazo lina dawati lake na bei yake. Habari ni jambo ambalo msikilizaji aliyeko Ilembo au Mlowo akilisikia atabadilisha anachofanya leo, au atamwita jirani amwambie. Nusu saa uliyorekodiwa, naamini ulieleza ulivyoanza, ulivyopata mashine, na kwamba siagi yako ni bora. Sikulaumu, kila mmoja wetu huanza hapo. Lakini hata mwandishi asiyetaka bahasha angepata taabu kuikata ile sauti atoe dakika mbili zenye faida kwa msikilizaji.

Wakati huohuo unayo habari kubwa na umeipitia kwenye barua yako kwa maneno sita: "akina mama wanne wa kuchambua karanga". Mwanangu, wewe una watu wanne ambao kazi yao ni kutazama karanga za Momba na Mbozi punje kwa punje, wiki hadi wiki. Ni nani mwingine Mbeya anayejua hali halisi ya karanga za msimu kama ninyi?

Fanya hivi kuanzia gunia lijalo. Lipime kabla ya kuchambua. Pima zilizotupwa: zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika. Andika gunia limetoka kijiji gani, zilibanguliwa kwa mkono au kwa mashine, na umuulize mkulima kama alizilowesha maji ili ziachie maganda kwa urahisi. Wengi hulowesha, kwa sababu vidole vinauma, na kwa sababu karanga yenye maji inapandisha mzani. Maji yale yanaipa kuvu nafasi, na kuvu ndiyo inayotoa sumukuvu. Mwaka 2016 tuliwapoteza watu Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, wakati huo ikiwa kwenye mahindi. Haina rangi wala harufu, na kukaanga hakuimalizi. Kinachosaidia kwa kiasi kikubwa ni kukausha vizuri juu ya turubai, kuhifadhi pakavu, na ile kazi ya akina mama wako ya kutoa mbovu kwa mkono.

Baada ya magunia kumi au kumi na tano utakuwa na kitu ambacho yule kijana wa Dar hawezi kukununulia kwa laki nane: hesabu yako mwenyewe, yenye daftari la kuithibitisha. Hapo ndipo unaandika taarifa yako kwa vyombo vya habari. Ukurasa mmoja, na jambo lenyewe likae mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu mhariri mwenye haraka hafiki wa tano. Nimekuandalia mfano, nafasi zilizo wazi utazijaza kutoka kwenye daftari:

"Wakulima wa karanga waombwa kuacha kulowesha karanga wakati wa kubangua. Mbeya, tarehe … Mei. Mtengenezaji mdogo wa siagi ya karanga wa Uyole jijini Mbeya amesema katika magunia … aliyonunua msimu huu kutoka Momba na Mbozi, wastani wa kilo … katika kila kilo 100 zilitupwa kwa kuwa na ukungu au kuharibika. Magunia ambayo karanga zake ziliwahi kuloweshwa yalitoa mbovu kilo …, na yaliyobanguliwa makavu kilo …. 'Mkulima anaongeza uzito siku moja, lakini msimu unaofuata sinunui kwake,' amesema. Wakulima, wanunuzi na waandishi wanakaribishwa kuona karanga zinavyochambuliwa, Jumatano saa tatu asubuhi, Uyole. Mawasiliano: …."

Yale maneno yaliyonukuliwa nimeyabuni kwa mfano tu. Weka ya kwako, yale unayowaambia wakulima ukiwa shambani. Na kama daftari likionyesha kwamba magunia yaliyoloweshwa hayakuwa na tofauti na makavu, usiibuni tofauti. Andika ulichokiona. Hata idadi ya kilo zinazotupwa peke yake inatosha kumshtua mkulima anayeipoteza fedha hiyo.

Umeona jina la siagi yako halimo kwenye mistari ya mwanzo? Usiogope. Mtangazaji atakutaja, atakuuliza unauza wapi, na msikilizaji aliyesikia jinsi unavyotupa karanga mbovu ameshajua tofauti ya kopo lako bila wewe kuidai.

Mwandishi makini atataka sauti ya pili, ya mtaalamu. Msaidie. Hapo Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, na kuna afisa kilimo wa kata yako. Nenda ujitambulishe mapema, uwaonyeshe daftari, uwaulize kama wako tayari kuzungumzia ukaushaji na uhifadhi. Wakikukosoa, rekebisha kabla hujapeleka popote.

Muda nao ni habari. Karanga za kwetu zinang'olewa mvua zikielekea mwisho, kuanzia Aprili hadi Juni. Taarifa hii ikitoka Mei, mkulima bado ana karanga kwenye maganda na anaweza kukusikiliza. Ikitoka Oktoba imechelewa kwake, na mhariri anajua. Nane Nane, ambako nawe ulikwenda, kila banda linapigania mwandishi mmoja kwa siku zilezile nane. Nenda ukauze na ukutane na watu, lakini usiweke tumaini lako la kusikika hapo.

Sikiliza redio za Mbeya, Songwe na Iringa kwa wiki moja huku ukikaanga, ujue kipindi cha kilimo kinarushwa lini na nani anakiongoza. Taarifa mpelekee yeye kwa jina, asubuhi, ikiwa na picha mbili za wazi: mikono ya akina mama ikichambua, na karanga nzuri na mbovu pembeni kwa pembeni. Kesho yake piga simu moja fupi kuuliza kama ameipata. Akikuita studio, jiandae kwa mambo matatu tu unayotaka yakumbukwe, uyaseme kama unavyoongea na wateja wako, na beba karanga mbovu kiganjani umwonyeshe. Mtangazaji akiishika atawaelezea wasikilizaji vizuri kuliko wewe.

Kuhusu bahasha. Najua hili linauma kulizungumza, kwa kuwa waandishi wengi wa mikoani hulipwa kidogo, na wengine hulipwa kwa habari iliyotoka tu, nauli wakijitolea wenyewe. Nawahurumia na nawaheshimu. Hata hivyo usitoe. Ukimlipa mtu ili akuseme vizuri leo, umempa sababu ya kumsikiliza atakayelipa zaidi ili akuseme vibaya, na siku ukipatikana na tatizo hutakuwa na mtu wa kukuamini. Unachoweza kumpa mwandishi ni habari iliyokamilika, mtu wa kuhojiwa aliyefika kwa wakati, na chai ambayo mgeni yeyote angeipata kwako. Ukitaka nafasi ya uhakika, nenda dawati la matangazo, uulize bei, ulipe kwa risiti, na kitangazwe kuwa ni tangazo. Hakuna aibu hapo.

Kabla hujasimama mbele ya kipaza sauti kuna swali litakalokuja, na nataka ulijibu ukiwa nyumbani. Zile mbovu mnazitupa wapi? Kama zinauzwa kwa mfugaji wa kuku, au kwa anayetengeneza kashata, au zinakamuliwa mafuta, usiende redioni. Sumukuvu inayoliwa na mfugo inaweza kurudi kwetu kupitia maziwa na mayai. Rekebisha hilo kwanza, hata likikugharimu. Zifukie, na uandike kwenye daftari tarehe na kilo. Mimi hili ndilo ninaloliona kuwa moyo wa kazi yote: huwezi kuwaambia watu jambo zuri kuhusu biashara yako kabla halijawa kweli huko ndani.

Ndiyo sababu nasema hapana kwa lebo ya rafiki yako. "Inaongeza damu" ni dai la dawa, na wewe huuzi dawa. Karanga ina protini na mafuta, hilo liseme bila woga. "Haina sumukuvu" ni dai gumu zaidi, kwa kuwa kipimo cha maabara kinaeleza karanga zilizopimwa siku ile, hakielezi gunia la mwezi ujao. Siku kopo moja likikutwa nayo, neno hilo litakuhukumu. Andika unachokifanya: "Karanga zimechambuliwa kwa mkono." Chini yake: "Mafuta yakipanda juu, koroga kwa kijiko kikavu." Ukitaka kubadilisha lebo, pitia TBS waione, kwa sababu alama uliyopewa inaambatana na masharti yake. Tangu 2019, TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipoacha kazi ya chakula, ni wao pia wanaosimamia usalama wa chakula.

Picha za wanafunzi acha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa mwenzio si bango. Ukimhitaji mtoto, mpige picha wa kwako, na akikataa mwache.

Yule dada wa laki tatu, achana naye. Wafuasi wake wengi wako mbali na duka lolote lenye kopo lako. Laki tatu hizo zinachapa lebo mpya na kulipa nauli ya kwenda Kyela, Tunduma na Makambako ukaongee na wenye maduka ana kwa ana. Kwa kijana wa Dar sina ubaya, huenda anaijua kazi yake. Siku ukiuza makopo elfu mbili kwa wiki mtafute tena, umwombe majina ya wateja wake watatu uwapigie.

Kuna watu wa karibu ambao hukuwataja na ndio wanaokutangaza kila siku. Mangi wa dukani Kabwe akiulizwa "hii ya hapa ikoje?" anajibu nini? Mpe kopo moja lililofunguliwa na vijiko vya kuonjea. Kikoba chako, matangazo ya kanisani baada ya ibada kama utaratibu wa kanisa lenu unaruhusu, muuza mkate wa Mwanjelwa anayeweza kuuza mkate na siagi pamoja. Na statasi yako ya WhatsApp ionyeshe kazi. Jumatatu karanga zimefika kutoka Mbozi, Jumanne zinachambuliwa, Alhamisi zinakaangwa. Picha ya kopo peke yake kila siku inawachosha watu. Mikono inayofanya kazi wanaitazama.

Yale makopo 36 yafungue mawili uangalie kama siagi ni nzima. Yaliyobaki, kama tarehe bado inaruhusu, yabandike karatasi ya maelezo ya kukoroga, lakini usiyarudishe Kyela. Yauze huku kwenye baridi, na Kyela peleka mapya, uyasindikize mwenyewe. Keti pale dukani asubuhi nzima, koroga mbele ya wateja, waonje. Na kama yule dada wa kwenye grupu atakubali, mwombe awe wa kwanza kukoroga.

Kwa Jumamosi ya mlango wazi waarifu wale akina mama wanne mapema, wajiandae na wafunge nywele zao vizuri. Aeleze mmoja wao, wewe ukae pembeni ukimimina chai. Wageni watataka kumsikia anayeshika karanga.

Gunia la kwanza ukishalipima, niandikie zimetoka kilo ngapi.

Shangazi yako.